Zamu ya Resho

Pale Kolwezi, kwenye kambi ya wafanyakazi wa mgodi, miaka ya Zaire, nyumba nne za safu yetu zilikula umeme kwenye sahani moja. Waya mmoja uliingia kwenye kisanduku cha chuma kilichokuwa ukutani mwa nyumba ya mwisho, na humo ndani ilikaa dijonkteri, ile swichi inayoruka yenyewe mzigo ukizidi. Wanawake wawili wakiwasha resho zao kwa wakati mmoja, inaruka, na nyumba zote nne zinabaki bila umeme. Kwa asiyeijua resho, ni jiko la umeme la sahani mbili, na sisi tulioolewa kambini tuliipenda kuliko tulivyowapenda mawifi zetu. Kisanduku kilikuwa na kufuli. Ufunguo ulikaa mfukoni mwa fundi wa umeme wa kambi, na fundi huyo alikuja alipojisikia. Ukiirusha asubuhi unaweza kulala gizani, na majirani wote wanajua ni wewe.

Kwa hiyo tulikuwa na kitambaa. Mama wa nyumba ya kwanza ndiye aliyekianzisha kabla mimi sijaolewa. Watu wake walitoka Kasai, baba mkwe wake aliletwa mgodini zamani za Wabelgiji, na mama huyo aliijua kambi kuliko kampuni yenyewe ilivyoijua. Alichukua kitenge cha chama, kile cha kuvaa siku za gwaride, akakata kipande upande usiokuwa na uso wa rais, maana uso ule haukukatwa hovyo. Kipande kilifungwa kwenye kitasa cha mlango. Mlango wenye kitambaa ndio wenye zamu ya resho. Ukimaliza kusonga bukari yako, ndiyo ugali wetu, unakifungua na kukipeleka kwa jirani, na ukichelewa utasikia unaitwa kutoka ng'ambo ya ukuta kwa sauti ya adabu iliyokwisha subira.

Nyumba ya pili ilikuwa yetu, mimi na mume wangu. Ya tatu walipanga Waislamu, watu wenye asili ya mashariki, upande wa Kasongo. Baba aliendesha lori la biashara la kaka yake na mama alikuwa na batoto, kama tusemavyo kwetu, wa kutosha kuunda timu ya mpira. Ya nne walikaa vijana wawili makapera, wafanyakazi wa zamu kama mume wangu. Hao tuliwatawala bila huruma. Kitambaa kilifika kwao mwisho, kikiwa na harufu ya vitunguu vyetu vyote, nao walikipokea kwa mikono miwili na kuchemsha chai.

Sikuwa mtu wa kubana umeme kwa kupenda. Nilibana kwa sababu nilizungukwa na watu ambao giza lao lingekuwa deni langu. Na kilichonichoma moyo ni nguzo ya taa iliyosimama mbele ya dirisha letu. Taa hiyo iliwaka usiku, ikawaka asubuhi, ikawaka saa sita mchana jua likiwa utosini, na nyingine zote barabarani vivyo hivyo, kwa sababu kifaa cha kuzizima kiliungua zamani na hakuna aliyeleta kingine. Mimi hapa napiga pasi shati moja haraka haraka kabla zamu haijanipita, na yule pale nje anashindana na jua. Nilikuwa namtazama nikiwa na pasi mkononi na kumtukana kimoyomoyo.

Mume wangu alicheka tu. Alifanya kazi kwenye pampu zinazosukuma tope linalobaki baada ya shaba kutolewa kwenye mawe, na aliniambia kwamba pampu zile zinazunguka hata siku ambazo tope halipo, zinasukuma maji matupu yaende na kurudi, kwa sababu kuzisimamisha kunahitaji ruhusa ya mkubwa, na mkubwa hapendi kuulizwa. Aliniambia pia juu ya kumbi kubwa ambamo taa hazijazimwa tangu aajiriwe, swichi zake zimeshikwa na kutu. Kisha mtu huyohuyo anarudi nyumbani, ananikuta nimeacha taa ya chumbani inawaka mimi niko jikoni, na ananihubiria. Nilimwambia ahubiri kwanza kule kwenye pampu.

Mwaka aliozaliwa binti yetu wa kwanza, alikuja mapema mno, katikati ya baridi. Wanaodhani Kongo yote ni joto hawajaamka Kolwezi mwezi wa sita, upepo unapopita chini ya mlango na maji ya ndoo yanauma vidole. Alikuwa mdogo kiasi kwamba niliogopa kumtazama. Hospitali walimkalisha kwenye sanduku la joto siku kadhaa, halafu akaja mtoto mwingine mdogo kuliko yeye, na sanduku lilikuwa moja. Muuguzi aliyetuhudumia hakunificha neno. Alinielekeza namna ya kumlaza kwenye katoni iliyotandikwa pamba, na balbu kubwa juu yake, si karibu na si mbali, iwake mchana na usiku. Akasema niwe namfunga kifuani mwangu kila ninapoweza. Moto wa makaa usiingie chumba chake hata kidogo, hewa yake itamuua kabla ya baridi. Na joto lisikatike. Hilo alilirudia mara nyingi, akinishika mkono.

Nilirudi kambini nikiwa na mtoto ndani ya blauzi na neno hilo kichwani. Joto lisikatike, na mimi nakaa kwenye safu ya nyumba nne zenye dijonkteri moja iliyozeeka, ambayo siku hizo iliruka wakati mwingine hata kwa resho moja.

Sikuomba chochote. Sikuwa na nguvu ya kuomba. Ni mume wangu aliyekwenda kwa mama wa nyumba ya kwanza kumweleza maagizo ya muuguzi, na kabla chai yangu haijapoa mama yule alikuwa mlangoni kwetu anafunga kitambaa kwenye kitasa, fundo mara mbili. Alisema kitakaa hapo. Hakuna resho, hakuna pasi, kwenye nyumba yoyote, mpaka mtoto apate mwili. Watu watapika nje kwa makaa, kwenye mbabula, kama mama zao walivyopika.

Ili mjue walinipa nini, niseme kwamba mwaka ule Ramadhani iliangukia kwenye baridi hiyohiyo. Siku zote za mfungo, kwa makubaliano ya wanawake wote, zamu ya jioni ilikuwa ya mama wa nyumba ya tatu, ili chakula kiwe tayari jua linapotua. Ilikuwa haki yake na hakuna aliyeigusa, hata mama wa nyumba ya kwanza ambaye aliimba kwaya ya kanisa na alikuwa na maneno juu ya kila kitu. Sasa nilimwona dirishani, amefunga tangu alfajiri, hajanywa hata maji, ameinama kwenye upepo anapuliza makaa yasiyotaka kushika, watoto wamemzunguka. Nilitoka kumwambia awashe tu resho, Mungu atatulinda. Alinijibu bila kuinua kichwa kwamba Mungu ameshatulinda, nirudi ndani nisimwachie mtoto baridi.

Mama yangu alifika kwa treni kutoka Kasaji kuja kunisaidia. Kwao walitumia taa ya mafuta, na ukitaka ugomvi naye uiache inawaka pasipo na mtu. Jambo la kwanza aliloona Kolwezi ni nguzo ile inawaka mchana. Kwa adabu hakusema kitu mpaka alipokula, kisha akamwomba mkwe wake aende akaizime, mtu ameisahau. Mume wangu alimweleza kwamba haizimiki. Mama yangu alimtazama kama anavyotazamwa mtu anayekataa kutumwa. Jioni alimwomba tena.

Siku chache baadaye, alasiri moja nikiwa nimelala kidogo, mama yangu alifanya usafi. Alifagia, akafuta madirisha, akafika mlangoni, akakuta kitambaa kichafu chenye mafuta ya miaka mingi kimefungwa kwenye kitasa cha nyumba ya mtoto mchanga. Hakuna aliyekuwa amemweleza. Kila mtu alidhani mwingine amemwambia. Alipambana na lile fundo mpaka likafunguka. Akakifua vizuri kwa sabuni, akakianika nyuma ya nyumba.

Vijana wa nyumba ya nne wakatoka kazini na kuona mlango wetu mtupu. Walifurahi, maskini. Baadaye walisema walidhani mtoto amevuka na marufuku imeisha, tena walipanga kuja kunipongeza baada ya chai. Wakawasha resho, sahani zote mbili.

Nilizinduliwa na giza. Jua lilikuwa linazama, na balbu juu ya katoni ilikuwa imekufa, nyuzi zake bado nyekundu kidogo. Nilimtoa mtoto nikamweka kifuani, na nikahisi mwili wangu wote unatetemeka, si kwa baridi, kwa woga. Sijapata kuogopa vile tena maishani. Mume wangu alichukua baiskeli na kuondoka kumtafuta fundi, ambaye kwa bahati yetu mbaya alikuwa kwenye kilio upande wa pili wa mji.

Mama yangu alipoelewa alichokifanya, aliketi chini sakafuni.

"Mwana yangu, mi nilisafisha tu," alisema. "Kitambaa ya buchafu ku mulango ya mutoto, nani anaweza kuiacha?"

Nilimwambia hakuna. Ni kweli, hakuna mama ambaye angekiacha.

Mama wa nyumba ya tatu ndiyo kwanza alikuwa amefungua saumu kwa maji na kipande cha andazi. Aliacha chakula chake na watoto wake akaja na chupa mbili za maji ya moto zilizofungwa kwa vitambaa. Mbabula aliiacha uani, mbali na mlango, na mwanawe mkubwa akabaki huko anachemsha maji mengine. Mama wa nyumba ya kwanza alikuja na blanketi la kitandani mwake. Aliniangalia ninavyotetemeka, akasema kifua kinachotetemeka hakimpi mtoto joto, akafungua vifungo vya blauzi yake, akamchukua. Alikuwa mwanamke mnene mwenye kifua kipana, na binti yangu alipotea humo. Alipochoka akampa mama wa nyumba ya tatu. Kisha mama yangu akainuka kutoka sakafuni akasema na yeye ana kifua, akampokea, na nadhani hapo ndipo alipojisamehe. Vijana wawili walisimama nje na vikombe vyao vya chai ambayo haikuwahi kuchemka, hawathubutu kuingia wala kuondoka, mpaka mama wa nyumba ya kwanza akawatuma kuni za kuongezea moto. Na pale barabarani taa yetu ya nguzo, iliyokuwa na laini yake yenyewe, iliendelea kuwaka na kutumulikia dirishani. Tulimwona mtoto kwa mwanga wake.

Fundi alikuja na mume wangu akiwa amevaa abakosti yake ya msibani, ile suti ya Kizaire isiyo na tai. Nilikuwa nimemwogopa mtu huyu tangu niolewe. Alikuwa na kawaida ya kukuita "citoyenne", yaani mwananchi, kwa sauti ya ofisi, kukuuliza umewasha nini na nini, na kukuacha uombe. Safari hii hakuuliza. Alifungua kisanduku, akairudisha dijonkteri, taa zikawaka, na kila mtu akashusha pumzi. Ila hakufunga kisanduku. Alisimama akiisikiliza ile swichi inavyonguruma, kisha akaja mpaka mlangoni, akamtazama mtoto kifuani kwa mama yangu, akaangalia nje kwenye nguzo.

"Mama, hii dijonkteri imezeeka, itakufa," aliniambia. "Na ile ampule ya njia iko inawaka bule muchana na busiku. Leo itaingia kazi."

Alivua abakosti, akamkabidhi mume wangu kama padre anavyokabidhi joho, akapanda nguzo kwa viatu vya msibani. Aliitoa taa ya barabarani, akauteremsha waya wake mpaka dirishani kwetu, na akaiunganisha balbu ya katoni kwenye laini ya kampuni, ile isiyozimika. Alipomaliza alivaa nguo yake, akatukataza kumwambia mtu, akarudi kwenye kilio. Sehemu yetu ya barabara ikawa giza. Hakuna mkubwa aliyeuliza kwa nini.

Kuanzia hapo mtoto wangu aliishi kwa umeme uliokuwa unatupwa. Nakiri ilinipa raha ya ajabu. Nilikaa kando ya katoni nikimnyonyesha kwa matone, nikaiwaza ile taa niliyoitukana mwaka mzima, na nikaishukuru kwa sauti, mama yangu akanisikia akacheka. Mume wangu naye aliniuliza kama sasa nimekuwa rafiki wa pampu zake. Nilimjibu kwamba nimesamehe nguzo moja tu, zingine zisubiri. Hasira ilirudi baadaye, nilipofikiria ni katoni ngapi kambini zilihitaji joto na taa ngapi zilikuwa zinamulika jua. Lakini kwa siku zile nilikuwa na mtoto anayeongezeka, na sikuwa na nafasi ya hasira.

Aliongezeka polepole sana. Kwanza mashavu, kisha mikunjo kwenye mapaja, kisha kilio chenye sauti ambacho majirani walikipigia makofi. Mfungo uliisha, mama wa nyumba ya tatu akatuletea pilau ya sikukuu yenye harufu ya moshi. Mimi sikutoka sana. Nilisikia harufu ya makaa kila siku, asubuhi na jioni, nikadhani ni ya safu nyingine. Balbu ya mtoto haikuwa tena kwenye dijonkteri yetu, kwa hiyo niliamini majirani wamerudi kwenye resho zao, na nilifurahi kwamba sisi si mzigo tena kwa mtu.

Baridi ilipopungua nilimpeleka hospitali. Muuguzi alimpima, akampima tena, kisha akamnyanyua juu ya kichwa chake na kusema katoni sasa mkaichome moto. Nilirudi nyumbani nikitembea haraka kama msichana. Nilipitia nyuma ya nyumba ili niwaambie wote mara moja, na nikamkuta mama wa nyumba ya tatu amepiga magoti mbele ya mbabula, macho mekundu kwa moshi, viganja vyeusi. Ng'ambo yake, mama wa nyumba ya kwanza alikuwa anapuliza ya kwake. Hata vijana wa nyumba ya nne walikuwa na birika juu ya mawe matatu, wanalipepea kwa kipande cha boksi.

Nilisimama. Niliwauliza kuna nini, dijonkteri imekufa? Wakasema nzima. Nikawauliza kwa nini basi wanapika nje, mbona tangu siku ile ya nguzo mtoto hatumii umeme wao, waya wake ni wa kampuni, wangeweza kuwasha resho siku zote hizi. Nilikuwa karibu kukasirika. Nilidhani fundi hakuwaeleza vizuri.

Mama wa nyumba ya tatu alifuta macho kwa mkono, akaacha doa la majivu shavuni. Alinitazama kana kwamba mimi ndiye nisiyeelewa mambo mepesi.

"Mama, courant ya kampani tutaiamini namna gani?" alisema. "Leo iko, kesho haiko. Ingekufa, mutoto angerudia ku dijonkteri yetu. Njo maana tulimubakishia nafasi."

Nilimkabidhi mtoto, nikakaa kwenye kigoda chake na kulia. Yeye akampokea kwa viganja vyake vyeusi, akamgeuza huku na huku kuangalia uzito, na kumwambia mama wa nyumba ya kwanza kwamba kweli, sasa huyu ni mtu.